Ushauri wakuu: mfumo unasema lita 424, daftari la karani linasema 412

Meneja wa Kituo

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni meneja wa chama cha msingi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Tanga, njia ya Muheza. Tuna wanachama mia mbili na kidogo, wengi wao wana ng'ombe wawili watatu. Maziwa yanaanza kuingia kituoni saa kumi na mbili asubuhi, kwa baiskeli, kwa bodaboda, wengine kichwani. Saa nne gari la kiwanda linakuja kuyachukua kwenye tanki.

Miezi saba iliyopita bodi ilinunua mfumo: kishikwambi kimoja, mizani ya kielektroniki, na programu inayomtumia mfugaji meseji akishapimiwa. Fundi alikuja siku moja, akatufundisha hadi saa nane mchana, akaondoka. Tangu hapo tunaandika mara mbili. Karani anapima kwa kopo la lita kama zamani na kuandika kwenye daftari, kisha maziwa yanamiminwa kwenye ndoo iliyo juu ya mizani, na kijana wa kishikwambi anaingiza namba anayoiona. Havijakubaliana hata siku moja. Wiki hii Jumatatu daftari 398, mfumo 410. Jumanne 412 na 424. Jumatano 376 na 387.

Stakabadhi za kiwanda zinalingana na daftari. Wafugaji wameshika meseji zao, wanadai walipwe zilivyo, na mwezi uliopita tuliziba pengo kwa akiba ya chama. Wajumbe wawili wa bodi wanasema karani anachota maziwa kabla hayajaingia kwenye tanki, maana mashine haina sababu ya kusema uongo. Huyu mama yupo kituoni mwaka wa kumi na nne sasa. Barua ya kumsimamisha kazi imeshachapwa, Jumatatu natakiwa niisaini. Silali vizuri. Naombeni ushauri, nianzie wapi?

Dogo wa Chumbageni

Pole sana kaka. Ushauri wangu ni mmoja, liondoe daftari. Maadamu lipo, kila mtu atakimbilia kule alikozoea na mfumo hautashika. Panga tarehe, tangaza, funga.

Nesi wa Zahanati

Dogo, hapo sikubaliani nawe. Nimefanya kazi kwenye vituo vya afya miaka mingi, na vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa, navijua ukurasa kwa ukurasa. Kituo kimoja nilichokuwepo kililetewa kompyuta ili wagonjwa waandikishwe humo. Ikawekwa ofisini kwa mganga mfawidhi, mlango una kufuli. Sisi tulikuwa dirishani na foleni ya akina mama wenye watoto wa homa. Tuliandika kitabuni mchana, jioni mmoja wetu anakwenda kuingiza yote kwa kukumbuka na kukisia. Siku umeme ukikatika, anaingiza za siku mbili. Mwisho wa mwezi takwimu hazifanani na dawa zilizotoka, na lawama zikatuangukia manesi, eti hatutaki mabadiliko.

Tungeondolewa kitabu siku zile, wagonjwa wangepotea kwenye kumbukumbu kabisa. Kilichosaidia ni kuihamisha mashine kwenye meza ya dirishani, pale pale mgonjwa anapotaja jina lake. Baada ya wiki chache kitabu kikaanza kukaa bila kuguswa, wala hakuna aliyetukataza.

Meneja, nenda ukasimame kituoni asubuhi nzima uangalie mikono ya karani inakwenda wapi. Usisaini kitu kabla ya hapo.

Mama Maramba

Meneja, hiyo mizani inasoma kilo au lita?

Meneja wa Kituo

Kilo dada. Ila sehemu ya kujaza kwenye kishikwambi imeandikwa Lita.

Mama Maramba

Basi mwache huyo mama, hajaiba kitu.

Maziwa ni mazito kuliko maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu kilo 1.03. Chukua laktomita yenu, kile kipimo cha uzito wa maziwa mnachochovya kila asubuhi. Ikisoma 30 maana yake ni 1.030, ni hesabu hiyo hiyo mmekuwa mkiitazama miaka yote. Sasa chukua namba zako, 398 zidisha kwa 1.03 upate 409.9. 412 inakupa 424.4. 376 inakupa 387.3. Mfumo wenu unaandika kilo na kuziita lita. Mwizi hawezi kuchota asilimia tatu ile ile kila siku bila kukosea.

Kama unataka wajumbe waone kwa macho, pima lita kumi za maji kwenye mizani mbele yao, kisha lita kumi za maziwa. Ndoo iwe ile ile, na mizani irudishwe sifuri ndoo ikiwa juu yake.

Nimekereka kwa niaba ya huyo mama. Angeulizwa yeye kwanza, angewaambia kopo na mizani havisemi lugha moja. Miaka kumi na minne anashika kopo hilo.

Mwalimu wa Korogwe

Mama Maramba ametegua fumbo lenyewe. Niongeze yanayofuata, maana hata kosa hilo likirekebishwa bado mna tatizo.

Mwaka 1989 mtafiti Mmarekani, Fred Davis, alionyesha kwamba mtu hupokea mfumo akiona mambo mawili: unamsaidia katika kazi yake, na kuutumia si mzigo. Kwa karani wenu yote mawili hayapo. Kazi yake imekuwa mara mbili, na faida yote imekwenda kwa mfugaji anayepata meseji na kwa bodi inayopata ripoti. Mpeni kishikwambi yeye mwenyewe, kijana akae pembeni yake kumwelekeza mpaka mkono uzoee.

Daftari liendelee mwezi mmoja baada ya marekebisho, lakini kila jioni mlinganishe vyote viwili na mweke saini. Siku thelathini zikipita bila tofauti isiyoelezeka, hapo ushauri wa Dogo unafaa.

Jingine, muulize afisa ushirika wa wilaya kuhusu MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mhakikishe fundi wenu anaweza kutoa takwimu zote za programu yake katika faili mnaloweza kulifungua wenyewe. Mkiachana naye kesho, kumbukumbu za wanachama zibaki kwenu. Na kama mna mazoea ya kutuma picha za daftari lenye majina na namba za simu kwenye kundi la WhatsApp, acheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Dogo wa Chumbageni

Nimejifunza. Naifuta kauli yangu ya kuondoa daftari leo leo.

Meneja wa Kituo

Wakuu, nimerudi. Leo saa kumi na mbili kasoro nilikuwa kituoni na wale wajumbe wawili. Maji lita kumi, mizani ikasoma 10.0. Maziwa ya mfugaji wa kwanza, lita kumi, ikasoma 10.3. Tukarudia kwa mfugaji wa pili, 10.3 tena. Mjumbe mmoja aliitazama ile namba kwa muda, kisha akaniomba ile barua akaichana mwenyewe.

Karani alikuwa anaosha kopo. Nilimweleza yote, pamoja na barua, nikamwomba radhi. Hakusema neno kwa kitambo. Halafu akasema, "Mwanangu, niliwaambia wiki ya kwanza kwamba mizani inazidi. Kijana akanijibu mashine ndivyo ilivyo."

Kweli alisema. Nilikuwepo.

Fundi nimempigia, anasema kubadili hesabu ni kazi ya saa moja. Kilichobaki ni wafugaji. Wana meseji za miezi saba, na meseji za wiki ijayo zitashuka ghafla. Mama Maramba, Mwalimu, nikiitisha mkutano Jumamosi nipime maziwa mbele yao wote kama nilivyofanya leo, inatosha, au nimwite na mtu wa kiwanda asimame nasi?

Mama Maramba

Mwite. Na anayepima mbele yao awe karani.