Moshi ndani ya nyumba ya Zuwena

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi Tanga*

Zuwena 20:41
Shikamooni wakubwa. Kaka Idi, Hamdu, mpo? Nimekufa tena kwenye gemu ya Valheim. Nimo ndani kwangu, mlango nimefunga, adui hakuna hata mmoja.

Hamdu 20:42
Njaa?

Zuwena 20:42
Nimeshiba, nimekula nyama ya nguruwe na uyoga. Nimekaa kando ya moto nasubiri mvua ikatike. Mara chumba kizima kimekuwa kijivu, uhai unashuka kidogo kidogo, nikadondoka.

Kaka Idi 20:44
Tuma picha ya paa.

Zuwena 20:45
📷 Picha

Kaka Idi 20:49
Ndiyo hiyo. Umeziba kila mahali. Moshi wa gemu hii si pambo, Zuwena. Kila wingu unaloliona linapanda, linagonga paa, linatafuta tundu. Likikosa tundu linarudi chini kukujia. Ukikaa humo moshi unakula uhai wako, na ukizidi sana hata moto wenyewe unazimika.

Zuwena 20:50
Sasa nifanyeje? Nikiuweka nje mvua inauzima. Na kitanda bila moto karibu hakikubali nilale!

Kaka Idi 20:56
Moto ubaki ndani. Ng'oa kipande kimoja cha sakafu katikati ya chumba, moto ukae kwenye udongo, maana juu ya mbao haukubali. Ni mawe 5 na kuni 2 tu. Halafu panda juu, toa vipande vya paa pale kileleni, usimamishe nguzo fupi mbili na kipaa kidogo juu yake. Pembeni pa kipaa paache wazi kabisa. Moshi utatokea ubavuni, mvua haitapata njia. Mimi nilikufa mara tatu kabla sijajua hili, ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Hamdu 20:57
Na usiwashe mioto miwili chumba kimoja. Ukitaka mwanga weka mienge, haitoi moshi.

Zuwena 20:58
Kwa nini nisijenge lile jiko kubwa la mawe kama la Hamdu?

Hamdu 20:59
Lile ni mawe 15, lakini lazima kwanza uwe na meza ya kuchongea mawe, na meza inataka chuma 2. Chuma kiko kwenye vinamasi. Usiende huko bado, tafadhali, tutakwenda pamoja.

Mama Nuru 21:03
Wanangu hamjambo. Nimemsomea Bibi mlichoandika, amevutiwa, anataka kusema. Namwandikia anavyosema:

Mama Nuru 21:08
"Idi kasema sawa. Jiko letu la Pongwe baba yenu alilipandisha makuti ya juu kidogo, moshi ukawa unapita hapo. Lakini hatukuutoa wote upesi. Mahindi ya mbegu tuliyaning'iniza juu ya mafiga, moshi unayapitia kila siku, fukusi hawayagusi mpaka mvua za masika. Mwambieni Zuwena asitie kuni mbichi."

Zuwena 21:09
Shikamoo Bibi! Humu kuni zote ni kavu Bibi, naweka 10 moto unajaa, haupokei zaidi. Na nabandika nyama juu yake kwenye kichanja cha kuchomea. Nikichelewa kuitoa inageuka makaa.

Mama Nuru 21:10
Anasema marahaba, na makaa yasitupwe.

Kaka Idi 21:11
Bibi yuko sahihi kabisa, makaa ndiyo tunayeyushia shaba 🙏🏾

Mama Nuru 21:14
Hamdu, mimi nina swali la kweli. Huko Mafinga baridi imeanza. Jiko la mkaa unaliingiza chumbani usiku?

Hamdu 21:19
Mama mdogo, sitakuficha. Mwaka jana mwezi wa sita niliingiza usiku mmoja, nikafunga dirisha. Nikaamka alfajiri kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu, nikatambaa hadi mlangoni. Sikumwambia mtu.

Mama Nuru 21:20
Ya Rabi.

Mama Nuru 21:23
Sikiliza mwanangu. Moshi wa Zuwena anauona. Mkaa ukishika vizuri hautoi moshi, unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala haamki. Jiko libaki nje, hata likiwa majivu yenye vikaa viwili vitatu. Kesho nakutumia blanketi zito na soksi za sufu kwa basi la asubuhi.

Hamdu 21:24
Nimekuelewa mama mdogo. Limebaki nje tangu siku ile. Ahsante sana.

Kaka Idi 21:25
Hamdu, siku nyingine tupigie. Saa yoyote.

Zuwena 21:47
📷 Picha
Tazameni! Moshi unatoka kwa juu, kijinyuzi chembamba, na mvua inanyesha kabisa. Ndani kweupe.

Kaka Idi 21:48
Safi sana. Sasa kaa hapo kidogo usubiri alama ya kupumzika itokee. Pumzi ya kukimbia itarudi upesi mara mbili. Ongeza kiti na zulia, kila kiwango cha starehe kinaongeza dakika 1.

Zuwena 21:52
Imetokea. Na kitanda kimekubali.

Hamdu 21:53
Nangoja mlangoni kwako nimelowa, nifungulie tulale wote, bila hivyo usiku hauishi.

Mama Nuru 21:54
Bibi anauliza Hamdu ameshafunguliwa?

Zuwena 21:54
Ameshaingia Bibi, anakausha nguo.