Mbegu za boga la mama zimenigomea kuota, na limebaki boga moja tu

MamaMatuta
Wakuu, habari za jioni. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba huku Goba, Dar, matuta manne na ndoo kadhaa. Mboga ya kula tunayo, shida yangu ni mbegu.

Krismasi nilikwenda kwa mama Lushoto nikarudi na boga lake, lile la ganda la kijivu, nyama nyekundu, ukilichemsha halitoi maji. Analipanda tangu mimi mtoto na hajawahi kununua mbegu yake dukani. Nikalikata, nikaosha mbegu, nikazianika siku mbili juu ya bati la banda la kuku. Jua la Januari mnalijua. Nilipoona zimekauka nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunga, nikaweka kabatini. Mvua za Machi nikapanda 14, kila shimo mbili. Haikutoka hata moja. Kurudi kwenye kopo, nafungua tu, harufu ya ukungu. Zilizobaki zimegandana, zina unga wa kijani.

Nyanya nazo: nilinunua pakiti dukani, zikazaa vizuri sana, nikahifadhi mbegu. Hizo zimeota zote, lakini mche mmoja unazaa vinyanya kama gololi, mwingine marefu, mwingine unazaa tatu halafu basi. Jirani anasema niliuziwa mbegu feki.

Sasa mama amebakiwa na boga moja tu, mengine mwaka huu yamekwenda na nungunungu. Kaka analileta mwisho wa mwezi. Nataka nipande vuli na nibakize za mwakani. Nisaidieni nisikosee tena, kejeli wekeni pembeni.

Mzee wa Kihamba
Pole binti yangu. Bati la saa sita mchana Dar unakaangia yai. Umeziua mbegu kabla ukungu haujafika. Na ubaya wa jua kali ni kwamba ganda la juu linakauka haraka ukadhani kazi imekwisha, kumbe ndani bado mbichi.

Anika kivulini penye upepo, kwenye ungo, ugeuze asubuhi na jioni, hata wiki mbili ikibidi. Kisha chukua moja uikunje. Ikipinda, rudisha kwenye ungo. Ikivunjika ta! hiyo imekauka.

Halafu nikuulize, mama yako anaziweka wapi?

MamaMatuta
Mzee wangu, ndiyo maana nimechanganyikiwa. Yeye anazitia kwenye kibuyu, kimening'inia juu ya meko, kimekuwa cheusi tii kwa moshi. Hapimi, hakunji. Na zinaota zote!

UganiMstaafu
Umejijibu mwenyewe. Juu ya meko pana joto dogo la kila siku linalozidi kuzikausha, na moshi unafukuza wadudu. Kibuyu nacho kinapumua. Wewe unapikia gesi, hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima, na kopo la bati halipitishi kitu: maji yaliyobaki ndani ya mbegu yalikosa pa kutokea. Umefuata njia ya mama ukaacha moshi.

Fanya hivi. Kaanga mchele kikombe kimoja bila mafuta mpaka ukauke kabisa, uache upoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Mwaga kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, juu yake weka mbegu zako zikiwa kwenye kitambaa. Mchele utanyonya unyevu uliobaki. Baada ya wiki mbili toa mchele, funga chupa, andika jina na tarehe. Ukiwa na friji, iweke humo chini, mbali na barafu. Siku ya kuitoa usiifungue papo hapo. Iache mezani mpaka baridi iishe, la sivyo hewa ya nje inageuka maji juu ya mbegu.

Kuhusu nyanya, jirani amemwonea mwenye duka. Tazama pakiti, nina hakika imeandikwa F1. Hiyo ni chotara, mtoto wa wazazi wawili tofauti. Yeye mwenyewe anazaa sawasawa, wajukuu ndio wanatawanyika, kila mmoja anafuata ukoo wake. Ukitaka nyanya ya kuhifadhi mbegu tafuta isiyo chotara, kama Tengeru 97, Tanya au Cal J.

Mlachipsi
Mkiweka kwenye friji andikeni kwa herufi kubwa. Mimi zangu za maboga mume alizikuta, akazikaanga na chumvi akiangalia mpira. Akaniletea na kibakuli nionje!

TunguleUnguja
Shoga, tungule, hizo mnazoita nyanya, hazitaki kuoshwa tu ukaanika. Ule utelezi unaozunguka mbegu ndio unaoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda. Mie nachagua tungule iliyoiva mpaka imelainika, nakamua kwenye gilasi, natia maji kidogo, nafunika kitambaa. Siku ya pili inanuka, juu inafanya utando. Usiogope. Koroga, ongeza maji: mbegu nzima zinazama, mapepe, yaani mbegu tupu, yanaelea na maganda. Mwaga ya juu, suuza kwenye chujio la chai, anika kwenye sahani. Usianikie gazeti, utabandua na karatasi. Na kwa joto letu la pwani siku mbili zinatosha, ukizidisha zinaanza kuchipua mle mle kwenye gilasi.

Bishoo wa Mabibo
Mbona bibi yangu alikuwa anapaka nyanya kwenye ukuta wa udongo, ikikauka basi, anabandua anapanda. Mnafanya mambo yawe magumu.

TunguleUnguja
Na zinaota, sijakataa. Mie nataka zote zitoke siku moja.

Mzee wa Kihamba
Wakati mnagombana na gilasi, mnasahau kuchagua. Watu tunakula zile nzuri, tunaacha mabaki ndiyo tunaita mbegu. Tazameni mchicha. Unaowahi kutoa maua hauliki tena, kwa hiyo ndio tunauacha ukomae. Miaka mitatu hivyo, unashangaa mchicha wako umefika gotini na umeshatoa maua. Umeuchagua mwenyewe uwe hivyo! Mimi nafunga utepe mwekundu kwenye miche mitatu minne yenye majani mapana inayochelewa kuchanua, na nyumbani wanajua hiyo haiguswi hata akija mgeni.

Kunde na maharage, mche wenye batobato, yaani majani yenye mabaka ya kijani na njano, usiuchukulie mbegu hata kama umezaa sana. Ugonjwa unasafiri ndani ya punje.

UganiMstaafu
MamaMatuta, swali moja. Hapo mtaani kuna mwingine mwenye maboga?

MamaMatuta
Jirani huyu huyu wa mbegu feki. Ukuta tu unatutenganisha. Yake ya kijani, yana maji.

UganiMstaafu
Basi nyuki wanaweza kukuchanganyia. Boga utakalovuna litakuwa la mama kama kawaida, usidanganyike. Mchanganyiko umejificha kwenye mbegu, utauona mwakani.

Dawa ni kuchavusha kwa mkono. Ua jike lina kiboga kidogo shingoni, dume lina kikonyo kitupu. Jioni tafuta maua ambayo yameanza kuwa ya njano nchani lakini hayajafunguka, jike moja na madume mawili, ya miche tofauti ukiweza. Yafunge ncha kwa uzi. Asubuhi mapema, kabla jua halijachoma, kata dume, lichane petali zake, fungua jike taratibu, lipake ile chavua ya njano katikati. Lifunge tena jike ili nyuki asiongeze yake. Fungia kitambaa kwenye kikonyo ulitambue. Maboga mawili ya namna hiyo yanakutosha, mengine kula.

Na hilo litakalokuja likae kwanza wiki tatu hivi bila kukatwa, mbegu zinaendelea kujaa ndani. Ikiwa mama alilivuna siku nyingi, kata tu.

MamaMatuta
Mrejesho, wakuu. Boga lilifika, mama alilivuna Julai kwa hiyo nikalikata. Nimepata mbegu nene 163, nyembamba nimempa kuku. Zimekaa kwenye ungo sebuleni siku 12, chini ya feni. Kisha nikavunja mbili, zikalia ta! kama alivyosema mzee. Kumi nimezifunga kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa nailoni, leo siku ya sita: nane zimetoa mizizi. Hizo nane nimeshazihamishia kwenye vikopo vya mtindi.

Zilizobaki ziko kwenye mchele. Chupa nimeiandika MBEGU ZA MAMA, SI KARANGA. Jirani nimempa tano, akubali kung'oa yake.