Yule jamaa wa kiti cha pweza leo kanivuruga kabisa

Wakuu naandika hapa nguo bado zimelowa na mikono inatetemeka kwa hasira. Yule mtembeza watalii wa kofia nyekundu, mnamjua wote, leo kachomoa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, majini AKAKIWEKA KICHWANI KWA MTOTO ili wapige selfi. Kichwani! Kile kinapumua humohumo majini jamani, kwa ngozi na vile vijiguu vya chini, na nimeviona kwa macho yangu vinachezacheza hewani vinatafuta pa kushika huku yeye anasema "tabasamu, tabasamu". Picha zimepigwa kama elfu nane, kisha kikarushwa baharini kama jiwe. Namwambia kaka kirudishe taratibu, ananijibu mbele ya boti nzima "dada, bahari umeinunua?" Na hapo kasimama juu ya tumbawe, lile la mviringo ambalo kwa mwaka halikui hata sentimita 2, kubwa kama meza, limeanza kukua yeye hajazaliwa. Ila tumbawe niliache, KICHWANI wakuu, kama kofia!!

Chumvi_Nyingi: Hahaha dada kaenda kuogelea karudi na kesi. Nauli ya hiyo boti ulimpa nani?

Mleta uzi: Nililipa nione, sikulipa aue!

Kasia: Huyo afadhali. Wangu anawafukuza pomboo na injini utadhani anawadai, wana watoto wadogo kabisa na bado anawakatia njia.

Mzee_Kimya: Dawa ni kufunga tu. Thailand walifunga Maya Bay 2018, watu wakarudi 2022, matumbawe yalipandwa upya na boti haziingii tena ndani ya ghuba.

Jicho: Nyie mnalilia kiti cha pweza, kwetu wageni wanarusha droni juu ya mazishi. Mama analia, kidude kinavuma juu ya kichwa chake.

Chumvi_Nyingi: Duh hiyo imezidi.

Kasia: Ndo hao hao. Pale Uluru, Australia, wenyeji Waanangu waliomba miaka na miaka watu wasiupande ule mwamba, watu wakapanda tu mpaka ikapigwa marufuku Oktoba 2019.

Mleta uzi: Jamani turudi kwa huyu jamaa, mtoto mwenyewe alikuwa anaogopa

Jicho: Hivi droni ikipita juu ya makaburi naruhusiwa kuishusha na manati?

Mzee_Kimya: Usiishushe, itamwangukia mtu. Mtafute anayeirusha, huwa hayuko mbali.