Ukoo wa Endebess: safari ya Masaba (Mlima Elgon)

Senge, yaani shangazi (Jumamosi, saa 12:20 asubuhi)
Amkeni. Nimetoka kukamua, angalieni hiyo picha. Masaba umejifunika hadi shingoni. Kilele cha Koitobos na mita zake 4,222 hakionekani kabisa. Miti ya mitarakwa inatokea mmoja mmoja kwenye ukungu, ndevu zake zinadondosha maji.

Senge
Jumapili ijayo tunapanda. Lango la mbuga la Chorlim saa moja kamili, jua halijafukuza ukungu. Nani ana gari? Mama lazima aende.

Senge (saa 3:05)
Naona watu 11 mmesoma.

Binamu Nairobi (saa 5:40)
Senge hiyo picha 😍 Kwani ule mlima ulitema moto kweli?

Senge
Miaka mamilioni iliyopita, ukazima. Lile bonde la juu ndilo lilikuwa mdomo wake. Gari?

Binamu Nairobi
Na tembo wa pango la Kitum bado wanalamba chumvi?

Senge
Wanachimba ukuta wa pango kwa pembe, usiku, gizani. Alama zake unaingiza mkono. Sasa GARI.

Baba Mdogo Eldoret
Wakichoka nitawasaidia, mimi na chumvi ni ndugu 😂

Mama Mdogo
Daktari alikukataza!!

Binamu Nairobi
😂😂😂

Senge
Jamani, lango linalipiwa mtandaoni. Nataka idadi leo.

Baba Mdogo Eldoret
Kama ya Desemba? Tulichangia gari la watu 14, likaja la 9.

Senge
Mwenye gari alibadilisha asubuhi ile ile. Risiti niliweka humu humu.

Baba Mdogo Eldoret
Ndiyo maana watu wamenyamaza.

Kukhu, yaani bibi (saa 2:10 usiku)
Mtoto amenisomea yote. Desemba mliniacha stejini mkasema gari litarudi. Nilikaa na kikapu cha mayai mpaka ukungu ukaisha mlimani, nikarudi kwa miguu. Sikusema kitu. 1967, mwaka tuliooana, mlima bado si mbuga, baba yenu alinipandisha huko. Nataka kuuona tena macho yangu yakiwepo.

Baba Mdogo Eldoret (saa 2:52)
Mama, tusamehe. Naleta gari langu. Watu watano.

Senge
Asante kaka. Mama anakaa mbele. Wengine je?

Mama Mdogo
Jumapili si komunyo ya Nekesa?

Binamu Nairobi
Ala, kweli

Senge
Basi Jumamosi. Jibuni.

Binamu Nairobi (Jumapili, saa 1:15 asubuhi)
Leo ukungu ukoje?

Senge
Mzito. Mama ameweka kiti nje, anautazama. Nani anakuja Jumamosi?