Tupeane uzoefu: msumeno mwepesi wa umeme kwa miti ya nyumbani

Jirani wa Kahawa
Wadau, hamjambo. Januari na Februari ndiyo miezi ya kupogoa kabla mvua ya masika haijaanza, na maduka ya mjini yamejaa misumeno ya cheni ya umeme ya kila sampuli: midogo ya betri, ya waya, na ile yenye mpini mrefu. Mada hii ni ya wenye ploti za 50 kwa 100, si ya wapasua mbao. Mwenye ujuzi aweke vipimo: uzani, urefu wa bapa (bamba ambalo cheni huzungukia), volti, mafuta, kinachoharibika na kwa nini. "Huu ni mzuri sana" bila nambari hausaidii mtu.

Mpogoaji Lang'ata
Anzeni na mti, msumeno baadaye. Pima unene wa tawi kubwa ambalo utalikata mara kwa mara, ongeza sentimita 5, na huo ndio urefu wa bapa unaohitaji. Kwenye mparachichi au mlokwati wa nyumbani matawi ya kuondoa huwa na unene wa sentimita 5 hadi 10, kwa hiyo bapa la inchi 6 linatosha. Mgrevilea wa mpakani ukifika sentimita 20, tafuta inchi 10 au 12. Inchi 16 ni za kuangusha miti, na kila inchi usiyoihitaji ni uzani unaoning'inia mbele ya kifundo cha mkono.

Kuhusu uzani, soma boksi kwa makini. Mara nyingi nambari iliyoandikwa ni ya mashine tupu: haina bapa, cheni, betri wala mafuta. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 ni karibu gramu 650, bapa na cheni karibu nusu kilo, mafuta mililita 200 ni gramu 180 hivi. Msumeno wa "kilo 2.8" unapita kilo 4 ukiwa tayari kwa kazi. Ukiwa dukani omba uwekewe betri na bapa, uushike kwa mikono miwili usawa wa kiuno, ukae hivyo dakika mbili nzima. Pua ikikuvuta chini, utachoka kabla ya tawi la tatu, na mkono uliochoka ndio unaojikata. Afadhali kilo 4 zilizosawazika kuliko kilo 3 zilizolalia mbele.

Waya Mbili
Wa waya ni rahisi kununua na haukuishii chaji, lakini watu huuua kwa ekstensheni. Hesabu ni hii: wati 2,000 kwa volti 240 ni ampea 8.3. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, ule wa ekstensheni za taa na redio, ukiwa wa mita 30 unapoteza volti kama 12 njiani, nao wenyewe unapata moto. Mota inalegea, mtumiaji anaukandamiza zaidi, koili zinaungua. Tumia milimita mraba 1.5 hadi mita 25 au 30, zaidi ya hapo 2.5. Ikiwa waya umezungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote kabla ya kuwasha, kwa sababu ukibaki umejiviringa joto halina pa kutokea na mpira unayeyuka.

Soketi ya nje iwe na kikata umeme cha miliampea 30 (RCD), kile kinachozima umeme unapovuja. Fyuzi ndani ya plagi ibaki ampea 13, isiwe kipande cha waya. Nyasi zikiwa na maji, kazi ingoje. Upitishe waya juu ya bega la kulia ushuke nyuma yako, ili cheni isiukute.

Gharama ya stima isimtishe mtu: nusu saa ya kukata mfululizo kwa wati 2,000 ni yuniti moja ya tokeni.

Wenye jamaa Marekani, angalieni kibandiko kabla ya kuchomeka. Mashine ya volti 120 ukiitia kwenye 240 inaungua papo hapo. Hata chaja ya betri isomwe: iandikwe 100–240, vinginevyo usiiguse.

Mama Miche
Swali: zile ndogo za mkono mmoja zenye bapa la inchi 4 au 6, zilizoandikwa 48V au 88V, zinafaa ua wa kaiyaba? Na hizo volti ni za kweli?

Waya Mbili
Mama, si za kweli kwa nyingi kati ya hizo. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, ikijaa 4.2. Tano zikifuatana zinatoa 18, na zikijaa 21. Ndiyo maana "18V" ya kampuni moja na "20V" ya nyingine ni kitu kimoja. Ukiona "88V" kwenye betri inayoenea kiganjani, soma kibandiko cha chaja: ikitoa volti 21, ndani kuna seli tano tu zilizofuatana.

Kipimo cha kuuliza ni wati-saa, yaani volti mara ampea-saa. Betri ya 18 mara 2 ni wati-saa 36. Mota ikila wati 500 inapokata, hizo ni dakika 4 na ushei za kukata kwenyewe. Ya ampea-saa 4 inakupa mara mbili. Chukua mbili, na uulize kama betri mpya itapatikana mwakani. Msumeno ambao betri yake haiuzwi peke yake utaishia kabatini.

Mota isiyo na kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) hula chaji kidogo kwa kazi ileile. Yenye kaboni si mbaya, ila kaboni ziwe za kubadilika kutoka nje kwa bisibisi.

Mpogoaji Lang'ata
Kwa kaiyaba, ndiyo, msumeno mdogo unafaa, kwa sababu matawi ni membamba na miiba inakuzuia kuingiza mashine kubwa. Bapa la inchi 4 likate matawi yasiyozidi sentimita 5. Lakini chunguza kwanza seng'enge ya zamani iliyomezwa na shina. Cheni ikigusa chuma meno yamekwisha, na inaweza kukatika.

Mingi ya hiyo midogo haina breki ya cheni, na watu wanaishika kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika tawi. Msifanye hivyo, tafadhali. Ncha ya juu ya bapa ikigusa mti, mashine inaruka kuelekea usoni haraka kuliko jicho linavyopepesa. Shika kwa mikono miwili, vaa miwani, na mkono usikae kwenye mstari wa cheni. Kwenye msumeno mkubwa jaribu breki kabla ya kila kazi: washa, sukuma kinga ya mbele, cheni isimame hapohapo.

Msipande ngazi na msumeno. Tawi la juu likatwe kwa msumeno wa mpini mrefu mkiwa mmesimama chini, pembeni ya pale litakapoangukia. Likiwa karibu na nyaya, muite Kenya Power, 97771.

Tupa na Cheni
Hakuna aliyegusa cheni, na hapo ndipo "mashine mbovu" nyingi zinapotokea. Kwanza, angalia mwelekeo: upande wa juu wa bapa, makali yatazame ncha. Ikiwekwa kinyume inachoma mti na kutoa moshi badala ya kukata.

Mkazo upimwe cheni ikiwa baridi. Ivute katikati ya bapa kwa vidole: inyanyuke kidogo, meno ya chini yasitoke kwenye mfereji, ukiiachia irudi. Cheni mpya hurefuka, kwa hiyo baada ya dakika kumi za kwanza simama, ipoe, ukaze tena. Ukiikaza ikiwa moto, itajifunga ikipoa na kuvuta ncha ya mota.

Vumbi ndilo linalokuambia hali ya makali. Vipande vinene kama maganda, cheni ni nzima. Unga mwembamba, imefifia. Kwa cheni ya inchi 3/8 fupi (low profile), inayofungwa kwenye misumeno mingi ya inchi 12 hadi 16, tumia tupa ya mviringo ya milimita 4, pembe ya nyuzi 30, misukumo mitatu au minne kwa kila jino, idadi sawa kushoto na kulia. Upande mmoja ukizidi, msumeno unakata kwa kupinda. Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta nyingine, beba ya zamani au nambari tatu: hatua ya cheni (pitch, kama hiyo 3/8), unene wa meno ya chini, na idadi yake. Inchi za bapa pekee hazitoshi.

Mafuta ya cheni yawe yanayonata. Ukiyakosa, oili mpya ya injini ya SAE 30. Oili chafu ya gari ina chembe za chuma zinazokula pampu, na inakurukia ngozini. Jaribu pampu kwa kuelekeza ncha kwenye kadibodi na kuwasha kwa nguvu: mstari wa mafuta uonekane. Midogo mingi haina pampu, kwa hiyo dondoshea kwenye mfereji kila ubadilishapo betri.

Jirani wa Kahawa
Kuna wanaosema wa petroli ndio wa wanaume.

Tupa na Cheni
Wa petroli una nguvu, lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini ndogo inapoteza sehemu ya nguvu, na kabureta inahitaji kurekebishwa. Mota ya umeme haijali mwinuko. Kwa siku tatu nne za kazi kwa mwaka, petroli iliyolala tangini inaacha utomvu na kukataa kuwaka.

Mama Miche
Nami niongeze la miti. Tawi zito msilikate kwa pigo moja toka juu, litachana gome hadi chini. Kata chini kwanza, sentimita 30 toka kwenye shina, robo ya unene. Kisha juu, sentimita chache mbele yake, mbali zaidi na shina, lianguke. Mwisho ondoa kisiki nje kidogo ya ile pete ya gome iliyovimba. Ukiikata pete yenyewe, kidonda hakizibi na mparachichi unaoza ndani.

Na kariaria, huo mnyaa wa ua, msiuguse kabisa kwa cheni. Maziwa yake yanarushwa kila upande, na yakiingia machoni yanaweza kupofusha. Mnyaa ni wa panga, taratibu, na miwani iliyofunga pembeni. Akirukiwa mtu, aoshe jicho kwa maji safi mengi papo hapo na aende hospitali siku hiyohiyo.

Mkulima wa Ruai
Wangu ukiwekwa stoo unachuruzisha mafuta sakafuni. Umetoboka?

Tupa na Cheni
Hapana. Mingi huvuja kidogo ikilala. Mwaga tangi, toa betri ikiwa na chaji nusu, ulaze msumeno juu ya kadibodi mahali pasipo jua.