Athari ya Mpemba: ifundishwe kama ukweli, au ibaki swali?

Mtoa mada, Ubungo: Wakuu, Athari ya Mpemba ni ile hali ya maji ya moto kuganda kabla ya yale ya baridi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliingiza kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya baridi ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Mwaka 1969 yeye na Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu hapa Dar wakachapisha matokeo. Dunia nzima inalitaja jina lake. Ifundishwe kama ukweli, basi!

Temeke: Napinga, Mkuu. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walirudia jaribio wasiione athari hiyo, wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini, jibu linaweza kugeuka. Mwanafunzi akiambiwa ni kanuni, akajaribu nyumbani ikagoma, atadhani Mpemba alidanganya. Hakudanganya. Alisema alichokiona.

Kigamboni: Mara nyingi tatizo ni friza. Ikiwa na theluji, chombo cha moto huiyeyusha chini yake na kukaa juu ya chuma. Cha baridi kinabaki juu ya theluji, nayo huzuia joto kutoka. Hapo umepima theluji, hujapima maji. Ndiyo maana Osborne aliweka bika zake (vikombe vya kioo vya maabara) juu ya foamu: bika za mililita 100, kila moja na maji mililita 70.

Halafu semeni kwanza "kuganda" ni nini. Kufika nyuzi 0? Ule utando mwembamba wa barafu ukingoni? Au mpaka kikombe kizima kiwe kigumu? Maji hushuka chini ya sifuri yakiwa bado maji, na kila kikombe huanza kuganda kwa wakati wake. Nyinyi wawili huenda mnabishania vitu viwili.

Mtoa mada: Hilo la theluji nalikubali. Jina silitoi.

Temeke: Jina libaki, na kwa herufi kubwa. Ninachokataa ni swali la mtihani la "eleza sababu", wakati wanafizikia wenyewe hawajakubaliana: wapo wanaotaja mvuke, wapo wanaotaja mzunguko wa maji ndani ya chombo. Liwe zoezi la maabara. Bika mbili zinazofanana, moja nyuzi 30, nyingine 90, kipimajoto kimoja kimoja, kina kilekile. Rudia mara tano, ukibadilishana nafasi za bika kila mara. Mlango usifunguliwe ovyo. Umeme ukikatika, raundi hiyo ifutwe.