Bima ya mafuriko: nyumba iko mbali na mto, kuna haja?

Wakuu, habari za humu. Nyumba yangu ina bima ya kawaida, ya moto na wizi. Wakala hachoki kunipigia niongeze ya mafuriko. Mto uko mbali, na tangu tuhamie maji hayajawahi kuingia ndani. Huyu si anatafuta kamisheni tu?

Mkadiria Mstaafu:
Kamisheni anaitafuta, hilo halina ubishi, ila safari hii anasema kweli. Kazi yangu ilikuwa kukagua nyumba zilizoharibiwa na maji, na swali la kwanza kwenye fomu ni moja: maji yametoka wapi? Bomba likipasuka ghafla jikoni, bima ya kawaida mara nyingi inalipa. Mvua ikijaza mtaro, maji yakapenya chini ya mlango, hayo ni mafuriko, na mikataba mingi ya nyumba imeyatoa waziwazi. Sakafu ileile, godoro lilelile, mmoja analipwa, mwingine anaambulia barua ya pole.

Mto usikudanganye. Majirani wa juu wakisakafia viwanja vyao na mtaro ukaziba, mvua ya saa moja inashukia kwako. Na ukiambiwa eneo lenu hufurika "mara moja kwa miaka 100", maana yake ni asilimia 1 kila mwaka. Kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30, uwezekano wa kupatwa angalau mara moja ni kama asilimia 26. Zaidi ya robo, mkuu!

Bahili:
Mimi hela hiyo naiweka akiba. Maji yakiingia unapiga deki, maisha yanaendelea.

Mkadiria Mstaafu:
Deki? Yale maji yamepitia vyooni na barabarani. Alama ukutani utaiona gotini, lakini ukuta unaendelea kunyonya. Gonga lipu juu ya alama usikie inavyolia tupu. Unabandua hadi kiunoni, unang'oa soketi na nyaya, unasubiri matofali yakauke, na wakati huo wote umepanga kwingine. Akiba weka, itakusaidia kwenye kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa.

Mwuliza swali:
Nimeufungua mkataba. Kwenye "visivyolipiwa" mafuriko yameandikwa kabisa, tena kwa herufi ndogo! Basi nisubiri msimu wa mvua ukaribie ndiyo nikate?

Mkadiria Mstaafu:
Hapo ndipo wengi hunaswa. Bima hii mara nyingi haianzi siku unayolipia. Marekani, kwa mfano, mpango wa taifa ulioanzishwa 1968 kwa kawaida unakusubirisha siku 30. Kata kungali kukavu. Uliza pia kama inalipia jengo peke yake au na vyombo vya ndani, maana mara nyingi hivyo ni vitu viwili tofauti. Kisha piga picha kila chumba, fungua na makabati, uzihifadhi nje ya nyumba hiyo.